Resori za Kumpeleka Mama Ujiji

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na mafundi cherehani wa Rwezamenyo, mtaa wetu huku Nyamirambo, Kigali, wana ugonjwa mmoja usiopona: kila nguo lazima waikate kubwa. Ukimpeleka mtoto akashonewe kaptura ya shule, inarudi imempita magoti, na ukilalamika unaambiwa, "Atakua nayo." Nusu ya watoto wa mtaa wetu walitembea wameshika viuno. Nalisema hili mapema msije mkamlaumu fundi magari kwa yaliyotokea. Lile lilikuwa kosa la cherehani.

Mambo yalianza na mgongo wa mama mkwe. Aliolewa Kigali akitokea Ujiji, bado msichana, na dada yake mkubwa akabaki kule. Miaka ikapita, hawakuonana tena. Sasa mgongo ulikuwa umemkatalia, hawezi kukaa kitako ndani ya gari hata kufika mjini. Dada naye miguu imevimba, mlangoni hatoki. Salamu zao zilibebwa na wafanyabiashara, mpaka siku mmoja wao alipoleta salamu za namna nyingine: "Dada yako anasema amechoka kutuuliza sisi habari zako. Anataka kukuona mwenyewe, na usichelewe."

Mama mkwe akageukia ukutani, chakula hakugusa. Mume wangu, mwanawe wa pekee, akatoka uani akazunguka weee, kisha akarudi na kusema, "Mama, nitakupeleka umelala."

Tulikuwa na jipu kuukuu lenye karia ya wazi nyuma, la kubebea majora ya vitambaa. Lilivuta kwa magurudumu yote manne, siku likijisikia. Mume wangu akamwita seremala, wakajenga chumba kizima cha mbao na bati cha kukaa juu ya ile karia, chenye kitanda, rafu ya vyombo na dirisha. Pazia alilishona mwenyewe, likaburura sakafuni.

Chumba kilipopandishwa, jipu likachuchumaa. Nyuma ikashuka mpaka bodi ikakaribia kugusa magurudumu, pua ikatazama juu kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi. Akaitwa fundi magari, Mnyarwanda aliyekuwa na kibanda chake huku huku Nyamirambo. Akaingia chini, akatoka anajipangusa.

"Mzee, resori imechoka. Hii nyumba iko nzito." Resori ndivyo tulivyoziita springi, kwa kufuata Kifaransa: yale mabapa ya chuma yaliyolaliana chini ya gari. "Tutaongeza mabapa mawili ya lori."

"Ongeza manne," akasema mume wangu.

"Yewe! Itakuwa ngumu sana."

"Kutakuja maji, mafuta, vyakula, mizigo. Litakua nayo."

Fundi akanitazama mimi. Mimi nikatazama kucha zangu. Mwanamume akishalishika lake, utamwambia nini?

Basi likainuka, jipu la watu, likasimama limejaa kiburi. Tukamlaza mama kitandani, tukachukua barabara ya vumbi ya Busanza kulijaribu, chumba kikiwa kitupu, hakuna pipa wala gunia. Lahaula! Kila shimo gari liliruka, na mama akaruka nalo. Niliyekaa naye nyuma nilimkumbatia mabega ili asigonge bati. Tuliporudi alibebwa hadi ndani, na siku kadhaa hakuweza hata kujigeuza bila kulia.

"Sipandi tena kitu kile," akasema. "Mwambieni dada yangu tutaonana akhera."

Maneno yale yalinichoma. Yalimchoma zaidi mwanawe. Cherehani ikanyamaza, wateja wakaja na kuondoka, naye amekaa tu na mkasi mkononi. Niliingiwa na hofu kwamba yule dada atakufa, na mume wangu hatajisamehe mpaka naye anaingia kaburini.

Fundi magari akarudi. Akaondoa bapa moja, akapaka grisi katikati ya yaliyobaki, akasema, "Resori iko sawa. Gari ndiyo iko tupu. Weka uzito, utaona italainika."

"Nitaweka magunia ya mchanga," akasema mume wangu.

Sauti ikatoka chumbani kwa mama: "Gunia haliumwi mgongo! Nataka nione binadamu wamekwenda na kurudi wazima."

Jumapili iliyofuata mume wangu akapita mlango kwa mlango kuwaalika majirani zangu kwenye matembezi. Alikuwa na adabu ya bwana harusi. Wanawake wakafurahi, wakajifukiza udi, wakavaa kanga mpya. Mama akatandikiwa godoro barazani aone. Tukapanda mmoja mmoja, mimi nikaelekezwa kukaa palepale juu ya ekseli ya magurudumu ya nyuma. "Hapo, mke wangu, hapo hapo."

Tulipokwisha kujipanga tukatazamana. Jirani yangu muuza maandazi ndiye aliyeanza. "Shemeji, mbona mke wa mwalimu wa madrasa hukumwalika? Nyumba yake si ndiyo ya kwanza?"

Mke wa mwalimu alikuwa mwembamba, ukimtazama ubavuni humwoni.

"Na yule mama wa duka la chumvi?" akauliza mwingine. Huyo naye upepo ungemchukua.

Mume wangu akaanza kukohoa. Muuza maandazi akatutazama tena wote, kiuno kwa kiuno, kisha akapiga ukelele. "Toba! Ametuchagua kwa futi!"

Mnajua fundi cherehani. Vipimo vya kila mwanamke wa mtaa alikuwa navyo kichwani, na heshima yake yote ilikuwa hapo, kwamba havitoki mdomoni. Kweli havikutoka. Alivitumia tu. Wakaanza kushuka kwa hasira, huyu anatafuta kandambili, yule anasema kitambaa chake cha Idi arudishiwe leo hii. Na mimi, mkewe, mzito wa kwanza kwenye hesabu yake, nikawa nimekunja uso kuliko wote.

Ndipo tukasikia kicheko barazani. Mama mkwe alikuwa anacheka huku ameshika mgongo, machozi yanamtoka. "Jamani mbavu zangu! Msishuke, wanangu, nawaomba. Nisogezeni hapo katikati yenu."

Nani angekataa? Akalazwa kitandani, sisi tumemzunguka, tukarudi kwenye barabara ile ile ya Busanza. Gari likapita kwenye mashimo kwa upole, likishuka na kupanda polepole. Mume wangu akasimamisha, akaja kuchungulia dirishani, uso umemkauka kwa wasiwasi.

"Mama, vipi?"

"Nakwenda Ujiji," akasema. "Lakini hawa wasishuke."

Kwa hiyo tukasafiri hivyo, na mapipa, na magunia, na majirani wawili waliokubali kuwa mzigo, muuza maandazi akiwa mbele kwa matusi ya utani. Kutoka mpakani Rusumo vumbi lilitufuata mpaka tukafanana wote, ila mama alilala usingizi kama mtoto.

Ujiji tulimkuta dada yake ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Huyu hawezi kusimama, yule hawezi kushuka. Tukambeba dada, sisi wanawake, tukampandisha na kumlaza kitandani kando ya mdogo wake. Wakapapasana nyuso.

"Umezeeka wewe," akasema dada.

"Na wewe je, hujajiona?"

Halafu wakalia, na sisi wote tukalia. Mume wangu aliingia chini ya gari akisingizia kukagua resori, akakaa huko muda mrefu.

Siku zote tulizokaa Ujiji walilala humo wawili, ingawa nyumba ilikuwa na vyumba. Siku ya kuondoka tukamwendea mama.

"Mimi nabaki," akasema. "Usiku huyu huniita aone kama nipo. Nikiondoka atamwita nani?"

Mume wangu akachukua spana. Alifungua bolti moja baada ya nyingine, vijana wa mtaa wakasaidia kukishusha kile chumba, kikawekwa juu ya matofali uani, na pazia lake refu. Akapiga magoti, akamshika mama mikono.

Tukarudi Kigali na karia tupu, gari linaruka kama limechanganyikiwa, majirani wamejibana nami mbele wakilia migongo. Siku ile hakuna aliyemtania.

Nyumbani nilimwambia, "Bwana, sasa ondoa yale mabapa, tutavunjika uti."

Akaendelea kushona, hakuinua kichwa. "Na mama akitaka kurudi, nitampandisha kwenye nini?"

Tukaruka hivyo miaka yote kwenye barabara za Kigali, mimi na yeye, na sikumwambia tena.