Siku Niliyochana Mfuko wa Bi Zakia

Wakuu, mimi nimewahi kusimama mbele ya waumini wenzangu na kanzu nyeupe iliyolowa mavi ya ng'ombe. Na nilijitakia mwenyewe.

Nipo Kitomanga, Lindi. Msimu huu wa korosho, jirani yetu Bi Zakia, mjane, alianza kukusanya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Ndoo kwa ndoo. Nyuma ya nyumba yake akaweka mfuko mkubwa wa turubai, umetuna, una bomba. Harufu yake sasa!

Huku kwetu mtu akivundika mabibo na kuweka bomba, hakuna anayeuliza. Gongo hiyo, pombe haramu.

Kilichonichefua zaidi, bomba lenyewe lilifukiwa kuelekea uani kwetu. Nikasema huyu mama anataka kuficha mzigo wake kwetu.

Sikumuuliza. Ijumaa baada ya swala nikasimama barazani msikitini, nikapaza sauti: "Jamani, Bi Zakia anapika gongo!"

Wanaume kama kumi wakanifuata. Mimi mbele na panga, najiona shujaa.

Bi Zakia akatoka mbio. "Saad mwanangu, subiri nikueleze!"

"Utaeleza kituoni!"

Nikachana.

Uji wa mavi na mabibo ukanirukia kifuani hadi mdomoni. Pombe? Hata tone.

"Mavi na mabibo yakioza humo yanatoa gesi ya kupikia," Bi Zakia akasema taratibu. "Sipriani, yule fundi wa Mingoyo, ndiye aliyenifundisha."

Hapo nikasikia kikohozi. Mama yangu alikuwa amesimama uani kwetu. Kifua chake kibovu, daktari alishamkataza moshi wa kuni.

"Saad, hayo mabibo mengine nilikuwa namwokotea mimi. Bomba ni la jikoni kwangu. Sikukwambia, nilitaka kesho ukute chai imeiva bila moshi. Sasa umelichana jiko langu."

Jamani, aibu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni nikamfuata Bi Zakia jikoni kwake, nikapiga magoti.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Ila wewe hukunitangazia jikoni."

Mfuko mwingine nimeagiza, haujafika. Mama bado anapikia kuni, na kila akikohoa nainamisha kichwa.

Ijumaa tatu zimepita. Naswali, nafika barazani nikitaka kumwomba radhi mbele ya wote, navaa viatu, naondoka. Hata hapa naandika kwa sababu najua Bi Zakia hana simu ya kusomea.

Ukimvunjia mtu heshima hadharani, radhi ya chumbani ni kujificha tu. Hilo nimejifunza. Kulitenda ndiyo bado.