Nifinye Mkono

Nyumbani alikuwa mjomba; hospitalini walimwita Finya, naye aliitika kama vile ndilo jina alilopewa na mama yake. Miaka ishirini na sita alilaza watu kwa dawa ya usingizi ili wapasuliwe. Kila mama aliyelazwa usingizi kabisa ili ajifungue kwa upasuaji, alimshika mkono na kumnong'oneza, "Mama, kama unanisikia, nifinye."

Daktari wa upasuaji alizoea kumtania. "Finya, hiyo posa yako itajibiwa lini?"

"Akijibu tu, daktari, ndoa imevunjika."

Utani huo ulikuwa na mzizi. Zamani, akiwa mgeni kazini, mama mmoja alizinduka baada ya upasuaji akamsimulia kila neno lililosemwa mezani, hata mzaha wa manesi kuhusu viatu vya daktari. Dawa ya kulegeza misuli ilikuwa imemfunga mwili hadi kope; ya usingizi haikutosha. "Nilikuwa nalia," alimwambia, "ila machozi hayakujua njia." Siku hiyo mjomba hakula. Tangu hapo, kabla ya ile dawa ya kulegeza, alifunga mkanda wa presha kwenye mkono mmoja na kuujaza upepo, dawa isipite. Mwili wote ukinyamaza, mkono huo ubaki na ulimi.

Mpwa wake, fundi cherehani anayeogopa hata pini zake mwenyewe, alifikishwa pale siku moja akiwa mjamzito, akivuja damu. Muda wa sindano ya mgongo, ile ya ganzi ya kiunoni kushuka chini, haukuwepo; ilibidi alazwe kabisa.

"Anko, nikiamka katikati je?"

"Utaniambia."

"Kwa mdomo gani?"

"Huu hapa," akamgonga kiganja.

Akalala. Kisha sauti zikarudi: vyuma kwenye sinia, mtu akiomba kitambaa, na tumboni mvuto kama wa mtu anayepekua mkoba. Alitaka kupiga kelele, mdomo haukuwa wake. Akaanza kusali moyoni, sala ikamkatikia njiani. Ndipo akasikia: "Mwanangu, kama unanisikia, nifinye."

Akafinya kwa nguvu zote za mkono ulioshika mkasi miaka kumi.

"Nimekusikia. Nakuongezea dawa. Lala, mama."

Alipofumbua macho, binti yake alikuwa analia kwa afya tele, na mjomba alikuwa na alama nne za kucha mkononi, zimechimba hadi damu.

"Umeniharibu mkono. Sasa nitaposa na nini?"

Mpwa alicheka, mshono ukamchoma. "Na wale wasiokufinya, anko?"

"Hao ndio namshukuru Mungu kwa ajili yao. Maana yake maumivu yamebisha hodi, hayakumkuta mtu."

Binti yule sasa ana miaka tisa. Mwezi uliopita mjomba alilala kitandani kwake kwa maradhi ya ini, na asubuhi moja alikuwa bado anafinya vidole vya mpwa wake, kidogo kidogo. Ilipofika adhuhuri, familia ikiwa imemaliza kusali, mpwa akainama sikioni. "Anko, kama unanisikia, nifinye."

Akangoja. Akauliza tena.

"Hafinyi?" mke wa mjomba aliuliza kutoka mlangoni.

Mpwa alitazama alama za kucha, zilizofifia bila kufutika.

"Hafinyi, mama," akasema, bila kuuachia ule mkono. "Amelala vizuri. Mungu ashukuriwe."