Benchi la Plasta

Binti yangu wa pili ana kipaji cha kujikata. Wenzangu wamejaliwa watoto wenye sauti nzuri, wengine watoto wa hesabu, mimi nimejaliwa mtoto anayeweza kujikata hata kwa kisu butu. Mtaani wamemwita Plasta, naye anaitika bila kununa, maana ana moyo mkubwa na damu nyingi.

Zamani alikuwa mtu wa heshima. Alikuwa anachapa barua za watu kwenye duka la karatasi na kalamu, ana kiti cha kuzunguka na feni ya kwake peke yake. Duka likafungwa. Mtu mwingine angelia siku mbili, siku ya tatu akatafute duka lingine. Yeye alirudi nyumbani, akaokota kipande cha mti uani, akachukua kisu changu cha kumenyea viazi, akachonga mwiko. Ulikuwa mwiko mbaya kuliko yote niliyowahi kuiona. Nikamwambia ni mzuri. Ndiyo malezi hayo.

Basi hakuacha. Watu wa umeme walipokuja kukata mti wa kivuli uliokuwa unagusa nyaya kwenye njia yetu, alitoka mbio na toroli kama mtu anayewahi chakula cha msaada. Akarudi na magogo, anang'aa uso. Akanieleza kwamba mti mbichi hukatika kama sabuni, mkavu hukatika kama mfupa, kwa hiyo fundi mwenye akili huchonga mbichi. Hakunieleza paja hukatika kama nini. Hilo tulijionea wenyewe wiki ya tatu, maana meza yake ya kazi ilikuwa ni paja lake. Kisu kiliteleza, akashonwa nyuzi tisa.

Muuguzi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, huyu amepigana na mumewe?"

"Hana mume," nikamjibu. "Ana mwiko."

Baba yao hakushtuka sana. Yeye aliendesha malori miaka thelathini, siku hizi anaendesha kiti cha plastiki kilichopo barazani. Kutokea hapo anaiona dunia yote na makosa yake. Alisema kisu hakina kosa, kosa ni kukaa vibaya. Ni kweli, kwenye kukaa hakuna anayemshinda.

Mimi si mtu wa kukaa nikisubiri msiba uje na viti vyake. Nilimpigia simu wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye ana duka kubwa la vitambaa. Nikamwambia, "Wifi, njoo umchukue huyu mtoto akauze vitambaa. Ila useme wazo ni lako." Wifi ni mtu anayependa mawazo yawe yake, kwa hiyo hapo hatukubishana.

Akaja, akakaa, akatangaza. Plasta akakataa. Shangazi yake akamwambia shukrani ya punda ni mateke, baba yake akasema watu wasikilizane, mimi nikajifanya naosha vikombe. Mwisho tukafikia hivi: apewe mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Atengeneze kitu cha kushikilia mti badala ya mwili wake. Siku hiyo shangazi atakuja, Plasta atachonga mwiko mbele yetu tangu mwanzo hadi mwisho. Kitu kikisimama na damu isipotoka, abaki na kazi yake. La sivyo, afunge begi aende dukani, na visu vibaki kwangu.

Plasta alikubali haraka. Mimi nilikubali haraka zaidi. Nilishawahi kumwona akipigilia msumari.

Kesho yake alianza kupasua gogo nene lililomfikia kiunoni. Alitumia kabari na shoka, akaligonga siku mbili nzima, mpaka likakubali kupasuka katikati, nadhani kwa huruma tu. Nusu moja akaisawazisha kwa tezo upande wa ubapa; huo ndio ulikuwa juu ya benchi, pa kukalia kama mtu aliyepanda punda. Kisha akaenda kwa fundi milango kuazima keekee ya mkono ya kutobolea. Fundi milango ni mtu mkarimu, akimwazima mtu chombo huongeza na maneno.

"Unataka kutoboa nini, dada? Usije ukatoboa goti."

"Nikitoboa goti nitakuletea ulitie bawaba," Plasta akamjibu.

Akatoboa mashimo matatu chini ya benchi, mawili mbele na moja nyuma, akatia miguu aliyoikata kwenye matawi ya mti uleule. Baba yake akasogeza kiti chake cha plastiki hatua tatu, safari ndefu kwake, akauliza, "Umewahi kuona ng'ombe wa miguu mitatu?"

"Miguu mitatu haiyumbi, Baba. Hata chini pakiwa na mawe."

"Basi ng'ombe wote wamekosea."

Mwisho akatoboa matundu mawili madogo yanayopita mpaka chini, akapitisha utepe aliokata kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Utepe ulipita juu ya kipande cha mti anachochonga, ncha zake zikashuka chini ya benchi zikafungwa pamoja, na hapo ndipo alipotia mguu. Akikanyaga, mti unabanwa. Akilegeza, anaugeuza. Alikaa, akakanyaga, mti ukatulia kama mgonjwa mbele ya daktari, na mikono yake yote miwili ikawa huru kushika kisu, mbali na paja.

Alichonga hivyo siku tisa bila plasta hata moja. Nilimshukuru Mungu kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeshampangia begi lake, nguo gani zikae chini na zipi juu.

Jumanne ya wiki ya mwisho yeye alikwenda sokoni, mimi nikafagia uani. Kulikuwa na jua la kukausha mpaka mate. Nililinyanyua benchi nifagie chini yake, mguu mmoja ukazunguka mkononi mwangu. Ulizunguka polepole, kama jino la maziwa. Nikajaribu wa pili. Nao vilevile.

Mimi nimelima tangu nikiwa mtoto, na kitu hicho ninakijua. Ukitia jembe mpini mbichi, utajiona hodari wiki moja. Mti mbichi ukikauka unasinyaa, na mpini uliokuwa umekaza unaanza kucheza, mpaka siku jembe linaruka na kumfuata jirani. Ndiyo maana mipini yangu naiweka juu ya dari ya jikoni, kwenye moshi, miaka na miaka, kabla sijaitia mahali. Plasta alikuwa amekula moshi huo tangu kuzaliwa na hajawahi kuuliza mipini inafanya nini juu kule. Benchi mbichi, sawa, likikauka litabana kilichomo. Lakini miguu mibichi?

Nilijua yote hayo nikiwa nimeinama pale. Nikaurudisha ule mguu taratibu, nikalisimamisha benchi lilivyokuwa, nikaendelea kufagia. Nilifagia vizuri sana siku ile. Hata nyuma ya choo.

Sikuwa namtakia mabaya. Nilikuwa namtakia duka la vitambaa, ambako kitu kikali kuliko vyote ni mkasi, na mkasi wenyewe anaushika shangazi. Nilijiambia sijafanya lolote. Na kweli, sikuwa nimefanya lolote. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya.

Alhamisi mchana baba yao aliamua kukagua. Kwa nini alichagua siku hiyo sijui, labda kiti cha plastiki kilimchosha. Akaja na kikombe chake cha chai, akakaa juu ya benchi, akaanza kusema, "Mimi tangu mwanzo nilisema..." Hatukusikia alichosema tangu mwanzo. Mguu wa nyuma ulitoka, wa mbele ukaufuata, mzee akashuka kwa heshima zote hadi chini, kikombe kikiwa juu kama bendera. Chai haikumwagika hata tone. Miaka thelathini ya usukani haipotei.

"Ng'ombe wako amelala," akamwambia bintiye.

Plasta hakucheka. Alimwinua baba yake, akampangusa vumbi, akamrudisha barazani. Kisha akakaa chini karibu na ule mguu uliotoka, akauchomeka kwenye shimo lake, akautoa, akauchomeka tena. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Siku zote akijikata anapiga kelele mtaa mzima usikie, lakini siku ile alikuwa kimya, na machozi yanamtoka kimyakimya mpaka kidevuni bila kuyafuta. Hapo nikaona kwamba huyu mtu hachezi. Nilidhani anapitisha muda mpaka dunia imletee kiti kingine cha kuzunguka.

"Mama," akasema bila kunitazama, "nilipima. Mguu niliupigilia kwa nyundo ndipo ukaingia. Sasa unapwaya. Mashimo yanakua?"

Ningeweza kusema sijui. Mchele ulikuwa bado mwingi.

"Mashimo hayakui," nikasema. "Miguu ndiyo imekonda. Ulitia mibichi."

Akageuka. "Umejuaje haraka hivyo?"

"Sijajua haraka. Nimejua tangu Jumanne."

Alinitazama muda mrefu. Nimezaa wanne, nimetazamwa kwa kila namna, na ile namna sikuwa nimewahi kuiona. Nikaweka ungo chini. Nikaingia jikoni, nikapanda juu ya kinu kilichogeuzwa, nikashusha mipini miwili, myeusi kwa moshi, migumu kama chuma. Mmoja nilikuwa nimeliwekea jembe langu jipya. Nikaitupa miguuni pake.

"Kila mmoja unatoa miguu miwili," nikasema. "Wa nne mpe baba yako ampe ng'ombe wake."

Hakunishukuru, na mimi sikusubiri.

Ijumaa tulifanya kazi pamoja, au tuseme yeye alifanya kazi na mimi nilishika. Mashimo ya zamani yalikuwa yamechanika kingo mzee alipoanguka, tukatoboa mapya pembeni. Mimi nikaegemea kichwa cha keekee kwa uzito wangu wote, ambao kwa mara ya kwanza ulimfaa mtu, yeye akazungusha mkono wa chombo. Ile mipini ilimtesa. Kisu kiliingia kwa kunung'unika, akaichonga ncha kidogokidogo, anajaribu shimoni, anatoa, anaangalia palipong'aa kwa kusuguliwa, anapunguza hapohapo. Nilimwambia mara ishirini aangalie vidole. Mara ya ishirini na moja akanipa nyundo ya mti.

"Gonga wewe, Mama. Ukigonga husemi."

Nikagonga. Mwanzoni sauti ilikuwa nzito, ya kitu chenye nafasi ndani. Nikagonga, nikagonga, ghafla ikabadilika, ikawa kavu, fupi. Wote wawili tuliisikia.

"Basi," akasema. "Umekaa."

Jumamosi shangazi alifika mapema, amevaa kama mtu aendaye harusini, na dereva anangoja njiani kwa ajili ya begi. Aliliona benchi uani, akauliza, "Ndilo hili?" na kabla hajajibiwa akalikalia. Wifi yangu si mtu mwembamba. Nilishika ukuta. Benchi halikusema neno. Akaagiza chai, akanywa, akasimulia habari za mteja mmoja msumbufu tangu alivyoingia dukani mpaka alivyotoka, akaagiza chai nyingine. Saa nzima ikapita, Plasta amesimama na kisu na kipande cha mti, anasubiri shangazi anyanyuke.

"Shangazi," akasema mwishowe, "samahani, umekalia mtihani."

Shangazi akanyanyuka. Plasta akakaa, akapitisha utepe juu ya mti, akakanyaga, akaanza. Maganda yakatoka marefu, meupe, yanajikunja kama nywele. Hata mzee barazani aligeuza kiti chake atazame. Alichonga mpini, akageuza, akachonga mgongo wa mwiko, akageuza, akachukua kisu kilichopinda akachimba ndani. Nilikuwa nimeficha pamba na dawa ya vidonda kwenye upindo wa kanga. Mwiko ukaisha. Ulikuwa umepinda kidogo kushoto. Damu haikutoka.

Shangazi aliugeuza mkononi, akaunusa, sijui alitarajia kunusa nini. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya mtoto, kwa sauti yake ya dukani:

"Haya, wifi. Wewe ndiye uliyenipigia simu nije nimchukue. Dereva yuko hapo nje. Nimchukue, nisimchukue?"

Kulinda siri za watu wifi hajawahi kuweza, na sasa yangu ilikuwa imemwagika uani pamoja na maganda. Plasta alisimamisha kisu. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mguu wake uliokanyaga utepe.

Ningeweza kusema mtihani ndio uamue. Lakini niliulizwa mimi, na nilikuwa na majibu mawili: moja la kulala usingizi, na lingine.

"Nilikuita, ni kweli," nikasema. "Niliogopa. Bado naogopa. Mwambie dereva arudi, wifi, huyu ana kazi."

Shangazi akaguna, akachukua ule mwiko uliopinda kana kwamba ni nauli yake, akaenda barazani kumwelezea kaka yake jinsi wazo la benchi lilivyokuwa lake.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilidhani mwanangu atasema kitu, angalau kuhusu simu, angalau kuhusu Jumanne. Nilikuwa tayari kwa lolote. Alichukua kipande kingine cha mti, akakiweka chini ya utepe, akakanyaga.

"Mama, sogea," akasema. "Unanikingia mwanga."

Nikasogea. Si mbali.