Kidole Gumba Kilipoanza Ngoma Njiani Kwenda Jeddah

Ndugu zangu, niruhusuni nisimulie nimekaa. Miguu ni mizima. Moyo ndio hautulii nikifika katikati ya kisa.

Kabla ya kuugua nilikuwa dume. Nilimaliza kidato cha nne shule ya jioni nikiwa na ndevu na watoto wawili, kisha wakala akanipeleka Riyadh kuendesha gari la familia moja mtaa wa Suwaidi. Niliujua mji ule hata ngamia waliniuliza njia.

Asubuhi moja nikiosha gari, kichwa kikapiga kama mtungi wa gesi umelipuka ndani. Nikatapika, shingo ikakakamaa, nikaanguka kwenye povu la sabuni. Nilizinduka hospitalini nimenyolewa upara. Daktari, Msudani mpole, akasema, "Mshipa wa ubongo ulivimba kama puto, ukapasuka. Tumeubana. Wengi hawafiki hapa."

Nikiwa bado wodini, kifafa kikanishika. Kilianza na kidole gumba cha kushoto kucheza chenyewe, kisha mwili wote. Daktari akanipa vidonge vya asubuhi na jioni. "Na usukani usiuguse mpaka nikuruhusu."

Niliporudi Suwaidi, Bosi, baba wa familia ile, akauliza, "Daktari kasema nini?"

"Halas, yamekwisha, Bosi, nimepona!"

Niliogopa. Dereva asiyeendesha hupandishwa ndege akarudishwa kwao. Kisha nikaongeza upumbavu: vidonge vilinisinziza, na dereva mwema hasinzii, basi nikaviacha. Nikajiona mwangalifu kuliko madereva wote wa Uarabuni! Lakini sikupata raha. Kila taa nyekundu nilikikodolea macho kidole kile kama askari na mwizi wake.

Bosi akahamia Jeddah kikazi, akaniagiza nimpelekee mama yake, ambaye sote tulimwita Bibi, pamoja na wajukuu wawili. Katikati ya jangwa, kidole kikaanza ngoma. Nikakikalia. Kikaendelea kucheza chini ya paja. Nikatoa gari barabarani, nikavuta breki ya mkono, nikasema, "Bibi, nisa—"

Nilipozinduka, gari linakwenda. Ulimi umechanika, suruali imelowa, nimesukumwa kiti cha abiria kama gunia la mchele. Kwenye usukani, Bibi! Na enzi hizo mwanamke kule haruhusiwi kuendesha. Nikadhani nimekufa, na malaika anajua gia.

"Ujana wangu niliendesha pikapu nyuma ya ngamia," akasema bila kugeuka. "Haya, una nini?"

Nikamweleza yote: kidole, vidonge, katazo la daktari.

Akatazama kioo cha nyuma. "Na wajukuu wangu wamekaa nyuma yako."

 

Akaegesha kituo cha mafuta, akampigia Bosi simu, akahamia kiti cha nyuma. "Mwanangu akifika, mwambie yako. Yangu nyamaza."

Bosi akafika kutoka Jeddah, nikasema yangu. Bosi alifoka mpaka pampu zikatetemeka. Nikamkabidhi ufunguo.

"Na nani aliegesha hapa?" akauliza.

Bibi akatazama mbingu. "Mungu ni mkubwa."

Ni yeye aliyekataa nirudishwe kwetu kabla ya kutibiwa. Jeddah nikawa mpika gahawa, nikimeza vidonge mbele yake, kisha naachama akague.

Namshukuru Mungu, daktari yule, na Bibi. Wewe mwenye kifafa, dawa ikikulevya mrudie daktari, usijiamulie. Na walio nyuma yako waambie ukweli kabla hujawasha gari. Siku hizi wanawake kule wanaendesha kwa ruhusa, basi na siri ya Bibi nimeitoa.

Kidole kimetulia. Lakini bado nakitazama.