Sauti Iliyotoka Mgongoni

Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Niliomba kazi katika ofisi ya mawakala hapa Tunduma nikidanganya kwamba Kifaransa nakijua vizuri. Najua salamu tu.

Jumanne bosi akanipa mkataba wa Kifaransa wa leseni ya programu za simu. Muuzaji Mkongo na mnunuzi Mzambia walikuwa wamekaa wakingoja.

"Mama Neema, uweke kwa Kiingereza. Ukishindwa, kazi huna."

Nikakimbilia stoo, nikapiga picha kurasa zote, simu ikatafsiri, nami nikanakili. Yale maneno ya kufungia laini na haki ya kunakili programu sikuelewa hata moja. Bosi aliponiita, nikaisukuma simu ndani ya mbeleko niliyombebea mwanangu Neema mgongoni, nikaenda kumkabidhi karatasi.

Neema akajinyoosha usingizini. Mara mgongoni kwangu mwanamke akaanza kuongea Kiingereza. Sauti kavu, isiyovuta pumzi. Mtoto amelala, nasikia anavyohema shingoni mwangu. Nywele zilinisimama. Wallahi simu niliisahau kabisa.

"Mayo, mama yangu!" Mzambia akaruka. "Katoto kanaongea!"

Mkongo akapiga ishara ya msalaba, akarudi nyuma hadi ukutani. Bosi hakusimama. Alikuwa akipitisha kidole kwenye karatasi yangu, na ile sauti ilikuwa ikisoma maneno yale yale.

"Geuka," akaniambia taratibu.

Akaingiza mkono kwenye mbeleko, akaitoa simu ikiwa bado inasoma, akawaonyesha wageni.

"Samahanini, ndugu zangu. Kumbe niliyemwajiri ni huyu."