Mguu wa Virginie

Siku ya kumi na mbili tangu ajifungue, Virginie aliamka akakuta mguu wake wa kushoto umevimba kuanzia paja hadi vidole, ngozi imekaza na kung'aa. Ilikuwa mwaka 1978, hapa Kalemie. Mtoto wake wa kwanza, Denise, alizaliwa kwa upasuaji, na tangu warudi nyumbani, mama mkwe wake, Mama Cécile, alikuwa amemkataza kushuka kitandani hata kuchota maji ya kunywa.

"Kuna muntu amekanyaga alama ya muguu yako kwa kukuloga," alisema Mama Cécile. "Tuite muganga."

Virginie hakuwa na desturi ya kubishana na wakubwa. Siku hiyo alibisha. "Hapana, Mama. Munipeleke hospitali."

Mumewe, Théophile, akampakia kwenye baiskeli na kuisukuma hadi hospitali.

Papa Ngoy, muuguzi mwenye mvi, alizungusha utepe kwenye paja moja, kisha la pili, akatikisa kichwa. Daktari alipomaliza kumtazama na kuandika sindano, mzee alivuta kiti.

"Damu imeganda ndani ya mushipa, Mama. Ukijikata kisu, damu inaganda kuziba kidonda. Bila hivyo damu ingekuisha. Lakini mwili uliotoka kupasuliwa ukilala tu, damu haitembei vizuri, inaweza kuganda pahali haikuitwa. Kipande kikikatika, kinakimbilia mapafu. Hapo njo hatari."

"Na hii dawa itaiyeyusha?"

"Dawa inazuia bonge lisikue. Kuliyeyusha ni kazi ya mwili wako mwenyewe. Mule mule ndani ya damu kuna kitu kinalitafuna, polepole."

Neno hilo lilimwingia Virginie. Kumbe hakuwa amelogwa, na mwili wake ulikuwa ukipigana!

Kila asubuhi Papa Ngoy alimtoa damu kidogo, akaitia kwenye kichupa cha kioo, akawa anakiinamisha huku anatazama saa. Kabla ya dawa, damu iliganda kwa dakika saba. Siku ya tatu ya sindano, dakika ya kumi na nane ilifika na damu ingali inatiririka. Mzee akacheka kwa sauti. "Njo vile tunataka!"

Uvimbe ulianza kushuka. Wakamfunga bendeji, wakamwambia atembee. Hatua sita za kwanza zilimtoa machozi. Kesho yake alipiga ishirini, akimlaani kila mtu kimoyomoyo. Miezi mitatu baadaye alikwenda sokoni kwa miguu, Denise mgongoni, Théophile akimfuata na baiskeli tupu ambayo Virginie alikataa kuipanda.

Mwaka 1981 akajifungua tena, salama. Papa Ngoy alikuwa hajamaliza kumpima, Virginie akateremsha miguu sakafuni. Mama Cécile aliinuka upesi, na Virginie akajiandaa kwa ugomvi.

"Nipe mukono," alisema mama mkwe. "Tutembee."

Wakatembea wodi yote ya wazazi, kwenda na kurudi. Mzazi mmoja akauliza kwani kuna nini. Virginie alimweleza habari ya damu inayoganda ukilala tu, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Walipogeuka mara ya tatu, wanawake watano walikuwa wameshuka vitandani, wameshikana viuno, wanawafuata wakicheka.