Laptopu Yangu Ilizima Ghala Zima, Panya Wakalaumiwa

Kosa ni langu. Si la stima, si la jua la Voi, na hasa si la panya! Niliwasingizia viumbe wasio na hatia, na leo naomba nitoe hili jambo kifuani kabla halijanipasua.

Mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni. Mtaani waliniita gumbaru, mwanafunzi wa uzeeni, mpaka siku nilipopata cheti cha kompyuta. Nikakitundika sebuleni, kikubwa hivi kwamba mke wangu aliuliza kama tuhamishe kabati au tuhame sisi. Basi kichwa kikavimba! Nikinunua soda, lazima nimweleze muuzaji jinsi friji inavyofanya kazi.

Nimeajiriwa kwenye ghala moja hapa Voi linalouza mbegu, mbolea, pampu na matangi. Kompyuta zetu zote zimeunganishwa kwa mtandao wa ndani. Bila mtandao risiti haitoki, na bila risiti hata msumari haupiti getini. Sheria ya Mwakio, fundi wetu wa mitambo, ilikuwa moja: usichomeke mashine ya nyumbani kwenye mtandao wa kazi. Aliisema mpaka sauti ikamkauka.

Lakini jamani, kwangu Sagalla data huisha upesi kuliko maji, na maji yetu mnayajua! Laptopu yangu ilikuwa inadai programu mpya. Asubuhi hiyo nikaona waya wa mtandao umelala kando ya meza yangu, hauna mwenyewe. Nikauchomeka. Sheria ni za wasiosoma, nikajiambia.

Nilichosahau ni hiki: nyumbani, laptopu hiyo ndiyo humgawia jirani yangu intaneti kwa waya tulioupitisha dirishani. Ilikuwa imezoea kugawa, na ilipofika kazini ikaendelea kugawa! Kompyuta ya ghala ikiuliza njia ya kufikia seva, ile kompyuta kuu, laptopu yangu inadakia kujibu, na inajibu uongo. Ni kama mtu asimame barabarani aelekeze magari yote ya Mombasa yaende Taveta.

Hayo sikuyang'amua bado. Niliona tu kaunta imeganda na foleni imejaa kama siku ya Krismasi.

"Mama, pampu yangu si ile pale?" mzee mmoja kutoka Mboghoni akamwambia bosi wetu, Madam Mghoi. "Niibebe tu niende."

"Subiri risiti, mzee wangu."

"Nyanya zangu hazisomi risiti!"

Madam akageuka. "Mwakio, hii mtambo imekufa ama imelala?"

"Naangalia, Madam."

"Umeangalia tangu asubuhi. Kandarasi yako inaisha mwezi huu, na hiyo nayo naiangalia."

Ghala zima lilisikia. Mwakio akarudi kwenye nyaya zake.

Mimi nani ninyamaze? Nikajitokeza na kifua mbele. "Madam, hii ni panya. Wamekata waya kule nyuma ya mbolea. Tulifundishwa."

Wallahi, hatukufundishwa!

Madam akaniamini, maana alikuwa ameniahidi kazi ya kusimamia kompyuta za tawi letu jipya la Taveta. "Msikieni msomi," akasema. "Toeni mbolea yote!"

Rundo lile la magunia lilikuwa refu kuliko vilima vya Taita. Wanaume wakavua mashati. Mwakio, mwembamba kama ufito, akawa wa kwanza kuinamisha mgongo. Mimi nikawa msimamizi. "Kushoto kidogo, ndugu zangu! Panya hupenda pembeni!"

Wakati wa chakula nikarudi mezani na kuchomoa laptopu niifiche, nisije nikaonekana. Nikazima kompyuta yangu ya kazi na kuiwasha. Ikaamka! Nikarudisha laptopu, nikawasha tena. Imekufa. Nikachomoa. Imeamka.

Kumbe panya ni mimi! Mashine nyingine zote zilikuwa bado zimeushika uongo wa laptopu, na dawa ilikuwa neno moja tu: zimeni, muwashe. Lakini nikilisema wataniuliza nimejuaje, na Taveta yangu itayeyuka.

Nikaificha laptopu kwenye mkoba. Nikarudi ghalani. Nikasema, "Jaribuni upande wa kulia."

Ndiyo, nilisema hivyo! Mchana kutwa Mwakio alibeba, vumbi la mbolea limempaka uso mzima, akitafuta tundu ambalo halikuwepo.

Jioni waya wote ukaonekana. Mzima, unang'aa.

"Mwakio," Madam akasema, sauti ya chini kabisa. "Tusisumbuane. Mwezi huu ukiisha, tuishie hapo."

"Sawa, Madam." Akaokota shati lake. Hakubishana. Angebishana, labda ningenyamaza mpaka leo.

"Ni mimi," nikasema. "Ni laptopu yangu. Zimeni mashine, muwashe."

Wakazima, wakawasha. Risiti zikamwagika! Mzee wa Mboghoni akaibeba pampu yake bila hata kwaheri.

"Ulijua lini?" Madam akaniuliza.

"Wakati wa chakula."

Hakuna aliyecheka. Taveta nikaisahau palepale. Siku hizi nahesabu matangi uani, juani, na nimeiva kama mkate uliosahauliwa kwenye jiko. Mwakio alipewa kandarasi mpya, na hilo namshukuru Mungu.

Nilimpelekea ndizi, nikamwomba msamaha. Alizipokea.

"Waya ningekusamehe asubuhi ileile," akaniambia. "Mimi mwenyewe nimewahi kuharibu zaidi. Lakini uliniona nimebeba gunia, ukanionyesha pa kubeba lingine."

Tunasalimiana, naam. Lakini chai hanywi tena mezani kwangu.

Kwa hiyo wewe mwenye laptopu yako mkobani, iache humo humo! Na kama mkono umeshakuponyoka ukachomeka, kimbia ukaseme. Kimbia, hata kama mdomo umejaa ugali! Sema kabla mwenzako hajainama kubeba gunia la kwanza.